Kwa Nini Wagonjwa wa Figo Huacha Matibabu ya Nyumbani



Mtu wa kijiji akishikwa na ugonjwa wa figo, sisi tunajua la kufanya. Tunaitisha harambee. Tunachanga, tunauza mbuzi na kuku kwa mnada, na pesa zikipatikana mgonjwa anapelekwa hospitali. Hiyo ni kazi nzuri na tusiiache. Lakini figo zikishakufa haziponi kama malaria. Mgonjwa atahitaji matibabu wiki hii, na wiki ijayo, na mwaka ujao, na harambee imeshakwisha. Hapo ndipo wengi hushindwa, kimya kimya, wakati sisi majirani tunadhani mambo yako sawa.

Leo tutazungumza juu ya matibabu ya figo ambayo mgonjwa hujifanyia mwenyewe nyumbani, na kwa nini wengi wanaoyaanza huyaacha. Hapa kwetu Kenya bado ni watu wazima wachache wanaotumia njia hii, lakini katika nchi nyingine imetumika kwa miaka mingi, hata vijijini, na mafunzo yake yanatufaa sisi pia. Tutaona kwamba kuacha matibabu huanzia nyumbani siku nyingi kabla daktari hajajua, na kwamba sehemu kubwa ya mzigo huo inaweza kubebwa na majirani.

FIGO HUFANYA NINI?

Mtu ana figo mbili, moja kila upande wa mgongo, chini ya mbavu. Kila moja ni kubwa kama ngumi. Kazi yake ni kuchuja damu usiku na mchana bila kupumzika. Kwa siku moja figo za mtu mzima huchuja karibu lita 180, halafu hurudisha karibu yote mwilini na kutoa lita moja au mbili tu kama mkojo.

Figo zikiharibika, mara nyingi kwa sababu ya presha au ugonjwa wa sukari uliokaa miaka mingi bila kutibiwa vizuri, uchafu na maji hubaki ndani ya mwili. Miguu huvimba, pumzi huwa fupi, mtu hutapika, ngozi humwasha, na mwishowe akili huchanganyikiwa. Hapo kuna mambo mawili ya kumweka hai: apewe figo ya mtu mwingine, au damu yake isafishwe kwa njia nyingine. Kusafisha huko ndiko watu huita dayalisisi, nako kuko kwa aina mbili.

Aina ya kwanza ni mashine. Damu hutolewa mwilini kwa sindano na mirija, hupita kwenye chujio la mashine, kisha hurudishwa. Kila mara huchukua kama muda wa saa nne, na hufanywa mara mbili au tatu kwa wiki. Wengi wetu tunaijua hii ya hospitalini. Katika nchi kama New Zealand na Australia wako wagonjwa wanaowekewa mashine hiyo nyumbani, lakini yataka stima isiyokatika, maji mengi yaliyochujwa, na mtu asiyeogopa kudunga sindano.

Aina ya pili haitaki mashine ya damu. Hutumia tumbo la mgonjwa mwenyewe.

TUMBO LIKIWA CHUJIO

Ndani ya tumbo kuna utando mwembamba unaofunika matumbo na kuta za tumbo. Utando huo umejaa mishipa midogo ya damu. Daktari hupasua kidogo na kuweka mpira mwembamba na laini, ncha moja ikiwa ndani ya tumbo na nyingine ikitokea nje karibu na kitovu. Mpira wa namna hii ulitengenezwa na daktari Henry Tenckhoff huko Marekani mwaka 1968. Mwaka 1976, katika mji wa Austin, Texas, mhandisi Robert Popovich na daktari Jack Moncrief walionyesha kwamba mgonjwa anaweza kutembea na maji ya dawa tumboni siku nzima huku akiendelea na shughuli zake. Tangu hapo njia hii imeenea ulimwenguni.

Kazi yenyewe ni hivi. Mgonjwa huunganisha mfuko wa maji ya dawa na mpira wake. Kwanza hutoa maji ya zamani, halafu huingiza mapya, kama lita mbili, kisha hufunga mpira. Maji hayo yana chumvi na sukari. Yakikaa tumboni saa nne mpaka sita, uchafu hutoka kwenye damu na kupita kwenye utando mpaka ndani ya maji, na ile sukari huvuta maji ya ziada ya mwili. Baadaye hutolewa na kumwagwa chooni, na mengine huingizwa. Wengine hutumia mashine ndogo inayobadilisha maji usiku wakiwa wamelala, lakini hiyo nayo yahitaji stima.

Uzuri wa njia hii unaonekana mara moja. Hakuna kupanda matatu mara mbili kwa wiki kwenda mjini. Hakuna sindano. Mtu anaweza kwenda shambani, dukani, hata kazini, kati ya mfuko mmoja na mwingine.

Sasa hebu tufanye hesabu. Kwa kawaida maji hubadilishwa mara 4 kwa siku, na kila mara huchukua kama dakika 30 au 40. Hiyo ni zaidi ya saa mbili kila siku. Kwa mwezi ni mifuko 120, yaani lita 240, sawa na mitungi 12 ile ya lita 20. Kwa mwaka ni mara 1,460. Na kila mara mikono ioshwe kwa sabuni, pua na mdomo vifunikwe, mlango na dirisha vifungwe, na kuku na paka watolewe nje. Hakuna Jumapili, hakuna Krismasi, hakuna siku ya mazishi ambayo maji hayabadilishwi. Ukiielewa hesabu hii, tayari umeanza kuelewa kwa nini watu huacha.

KUACHA SI KWA NAMNA MOJA

Tukisikia fulani ameacha matibabu, tusihukumu haraka. Wako wanaoacha kwa sababu wamepata figo mpya, na hiyo ni furaha. Wako wanaohamishiwa mashine ya hospitali kwa sababu tumbo limekataa. Wako wanaofariki kwa ugonjwa mwingine, hasa wa moyo. Na wako wanaoacha kabisa na kukaa nyumbani bila njia nyingine.

Hawa wa mwisho ndio wa kuhofia. Mtu ambaye figo zake hazifanyi kazi tena akiacha kusafishwa damu, mara nyingi hufariki kwa muda wa wiki moja au mbili. Yule ambaye bado anapata mkojo kidogo huweza kuendelea zaidi, lakini mwisho ni ule ule. Hata anayehamia mashine hupata taabu kama hakujiandaa, kwa sababu mshipa wa mkono ulioshonwa kwa ajili ya mashine huhitaji wiki kadhaa kukomaa. Kwa hiyo asiyejiandaa huwekewa mpira shingoni kwa haraka, na mpira huo huleta maambukizo kwa urahisi.

SABABU YA KWANZA: UCHAFU KUINGIA TUMBONI

Hii ndiyo sababu inayojulikana zaidi kila mahali. Mkono usiooshwa vizuri, ncha ya mpira iliyogusa nguo, kidonda kidogo pale mpira unapotokea, na vijidudu vinaingia. Utando huwaka. Wataalamu wa ulimwengu wamependekeza kwamba kituo kizuri kisizidi maambukizo 0.40 kwa mgonjwa kwa mwaka, yaani mgonjwa mmoja apate mara moja tu katika miaka miwili na nusu. Vituo vingine hushinda lengo hilo, vingine huwa mbali nalo.

Dalili ya kwanza ni rahisi kuiona: maji yanayotoka huwa na ukungu kama maji yaliyooshea mchele, badala ya kuwa meupe angavu au ya manjano hafifu. Njia nzuri ya kupima ni kuweka gazeti nyuma ya mfuko. Kama husomi maandishi, kuna shida. Huenda pia tumbo likauma na homa ikaja. Hapo ni kwenda hospitali siku hiyo hiyo, pamoja na ule mfuko, ili maji yapimwe na dawa ya kuua vijidudu itiwe tumboni mapema.

Wanaochelewa ndio hupoteza. Mtu anasema, ngoja tuone mpaka kesho, ama pesa ya nauli haipo, ama anaogopa kugombezwa na muuguzi ati hakuosha mikono. Siku zinapita. Ikiwa maji hayajaanza kusafika baada ya siku kama tano za dawa, mara nyingi madaktari hulazimika kuuondoa mpira. Na mpira ukiondoka, matibabu ya nyumbani yamesimama.

SABABU YA PILI: MPIRA NA UTANDO

Wakati mwingine maji yanaingia lakini hayatoki vizuri. Mara nyingi kosa si kubwa: mgonjwa amefunga choo, matumbo yamejaa na kuusukuma mpira. Akipewa dawa ya kulainisha choo, maji hutoka tena. Lakini kama hakuna aliyemwambia, atadhani mambo yameharibika na ataogopa kuendelea.

Utando nao huchoka. Baada ya miaka ya kukaa na maji ya sukari, na hasa kama umepata maambukizo mengi, hauvuti maji kama zamani. Mgonjwa huanza kuvimba ingawa anabadilisha maji kila siku bila kukosa. Pia ule mkojo kidogo aliokuwa akipata mwanzoni hupungua, na mkojo huo ulikuwa ukimsaidia sana. Ndiyo maana mgonjwa hukatazwa kununua ovyo vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, na kunywa dawa za mitishamba zisizojulikana. Vitu hivyo huweza kumaliza nguvu ndogo ya figo iliyobaki.

Kwa sababu hii ya pili mgonjwa hana lawama. Tumbo limefanya kazi yake mpaka limefika mwisho, na kuhamia mashine ni hatua ya matibabu. Watu wa nyumbani wasimwone kama aliyeshindwa.

SABABU YA TATU: MZIGO WA VITU

Katika sehemu kubwa ya Afrika maji haya ya dawa huagizwa kutoka ng'ambo. Ni mazito, ni ghali, na lazima yafike kila mwezi. Barabara ikikatika wakati wa mvua, au malipo yakichelewa, mgonjwa huanza kupunguza. Leo mifuko mitatu badala ya minne. Kesho miwili. Yeye anaona anaweka akiba, kumbe anaacha polepole bila kujua.

Halafu kuna nyumba yenyewe. Maboksi ya mwezi mzima yanataka mahali pakavu pasipo panya. Panahitajika chumba au pembe inayoweza kufungwa na kupanguswa. Panahitajika maji safi ya kunawa, na ndoo yenye kibomba chini inatosha, lakini yapasa iwe na maji kila siku. Katika nyumba ya chumba kimoja yenye watoto watano, jambo hili si dogo.

Na chakula. Kila siku mgonjwa hupoteza protini ndani ya yale maji anayomwaga. Asipokula mayai, samaki, nyama au maharagwe kwa kadiri alivyoelekezwa na hospitali, mwili hudhoofika na maambukizo humpata upesi. Wakati huo huo sukari ya maji ya dawa humfanya ajisikie ameshiba. Mtu anakonda mikono huku tumbo likiwa kubwa.

SABABU YA NNE: MWENYE KUSAIDIA AMECHOKA

Hii ndiyo sababu inayosemwa kidogo zaidi, na ndiyo inayotuhusu sisi zaidi.

Tuseme kuna mama wa miaka 58, macho yake yamefifia kwa ugonjwa wa sukari, na mikono inatetemeka. Hawezi kuunganisha mpira mwenyewe. Anayemfanyia ni binti yake. Asubuhi kabla ya kwenda shambani anabadilisha maji. Saa sita za mchana anaacha jembe na kurudi. Jioni tena. Usiku kabla ya kulala tena. Miezi mitatu ya kwanza ndugu wote wanapiga simu na kutuma kitu. Mwezi wa sita simu zimepungua. Mwezi wa tisa binti anaumwa mgongo, hajaenda mkutano wa kikundi tangu mwaka jana, na kibarua chake kimekwisha. Siku moja ananawa mikono haraka haraka. Wiki hiyo maji yanatoka na ukungu.

Hospitalini itaandikwa kwamba matibabu yalisimama kwa sababu ya maambukizo. Ni kweli, lakini kabla ya maambukizo kulikuwa na uchovu, na kabla ya uchovu kulikuwa na mtu mmoja aliyeachiwa kazi ya watu watatu. Huko Australia na New Zealand, ambako sababu za kuacha huwekwa katika daftari moja la wagonjwa wote, sababu za kijamii huandikwa pamoja na zile za kidaktari, maana imeonekana kuwa nazo huwatoa watu katika matibabu ya nyumbani. Na miezi ya mwanzo ndiyo yenye hatari zaidi, kwa sababu ndipo watu wanajifunza na ndipo hofu ni kubwa.

Mgonjwa mwenyewe pia huchoka. Anaona aibu ya mpira tumboni. Anaogopa kulala karibu na mwenzi wake. Anajiona mzigo kwa watoto. Wengine hushuka moyo kabisa, hawataki kula wala kuongea. Akija mtu wakati huo na chupa ya dawa, akasema ati hii itaponya figo kwa wiki mbili na hakuna haja ya mifuko tena, anayesikiliza si mjinga. Ni mtu aliyechoka anayetafuta mlango wa kutokea. Tukitaka asidanganywe, tumpunguzie kuchoka.

MFANO WA THAILAND

Nchi ya Thailand ilijaribu njia hii kwa nchi nzima. Mwaka 2008, katika bima ya afya ya wananchi wasio na mwajiri, serikali iliamua kwamba mgonjwa mpya wa figo ataanza na njia ya tumbo, isipokuwa daktari aone haimfai. Aliyetaka mashine bila sababu ya kidaktari alijilipia mwenyewe. Sababu ilieleweka: wagonjwa wengi walikuwa wakulima waliokaa mbali na miji, na vituo vya mashine vilikuwa vichache.

Waliopanga hawakutoa mifuko tu na kumwacha mtu. Maji ya dawa yalipelekwa mpaka nyumbani kwa mgonjwa. Wauguzi walifundishwa. Wahudumu wa afya wa kujitolea wa vijijini, ambao Thailand inao wengi tangu zamani, walitumiwa kutembelea nyumba na kuangalia hali. Maelfu ya watu ambao wangekufa walipata kuishi.

Lakini shida hizo tulizozitaja zilikuwako huko pia: maambukizo, uchovu, na watu waliochukua njia hii kwa sababu hawakuwa na nyingine. Mwaka 2022 serikali iliruhusu mgonjwa achague mwenyewe pamoja na daktari wake, bila kulipa. Baada ya hapo wengi walichagua mashine.

Tujifunze nini hapo? Kwanza, mtu wa kijijini anaweza kabisa kujitibu nyumbani akipewa vitu, mafunzo na watu wa kumtembelea. Pili, kumpa mtu vitu bila kusikiliza anachotaka hakumfanyi aendelee kwa moyo. Mwenye kuchagua na mwenye kulazimishwa hawabebi mzigo mmoja kwa namna moja.

NA HAPA KWETU?

Kenya ilifuata zaidi njia ya mashine. Mwaka 2015 serikali ilianza mpango wa kukodisha vifaa kwa hospitali za kaunti, na mashine za figo zikafika mahali ambapo hazikuwako. Kwa hiyo mgonjwa wa kijijini leo, mara nyingi, ni mtu wa kwenda hospitali mara mbili kwa wiki.

Lakini msomaji ataona kwamba sababu za kuacha zinafanana. Badala ya maboksi ya maji, mzigo ni nauli ya watu wawili, mgonjwa na anayemsindikiza. Badala ya mara nne kwa siku, ni siku mbili nzima za wiki zilizopotea shambani. Mtu huanza kuruka siku moja, kisha mbili. Mwenye kusaidia huchoka vile vile. Basi yanayofuata yanawahusu wote, wa tumbo na wa mashine.

KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI?

1. Mchango uwe wa kila mwezi. Harambee kubwa ya siku moja inasaidia kuanza. Kinachomweka mtu katika matibabu ni kidogo kinachokuja bila kukosa. Kikundi kinachozungusha pesa kinaweza kutenga sehemu ndogo ya kila mkutano kwa nauli au chakula cha mgonjwa.

2. Angalieni bima. Tangu Oktoba 2024 bima ya NHIF iliondolewa na mahali pake ikaingia ile ya SHA. Ilipoanza, kiwango cha chini kilikuwa shilingi 300 kwa mwezi, na wasio na mshahara walitakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, yaani shilingi 3,600. Wengi hukwama hapo. Mweka hazina aulize mapema bima ya mgonjwa inaisha lini, wala asingoje mpaka mgonjwa arudishwe mlangoni.

3. Afundishwe mtu wa pili. Mafunzo ya njia ya tumbo huchukua siku kadhaa mpaka wiki mbili hivi. Mgonjwa akifundishwa, aende na watu wawili wa nyumbani. Baada ya kila maambukizo, au baada ya kulazwa, waombe kufundishwa tena. Kusahau si dhambi.

4. Mpeni mwenye kusaidia siku ya kupumzika. Anayeuguza akipata siku moja kwa wiki ya kwenda sokoni, mkutanoni au kulala tu, atadumu. Wanawake wawili wa kikundi wanaweza kupalilia shamba lake asubuhi moja. Na kama ni msichana wa shule, kikundi kihakikishe harudi nyumbani kuwa muuguzi. Tukimwokoa mama kwa kumtoa binti shuleni, tumeacha deni jingine.

5. Jengeni mahali pa kunawa. Ndoo yenye kibomba, sabuni, saruji kidogo ya sakafu, rafu ya kuinua maboksi juu ya panya. Hii ni kazi ya Jumamosi moja kwa kikundi, na faida yake ni ya miaka.

6. Mtembeleeni bila kungoja habari mbaya. Msiulize tu, umeshindaje? Ulizeni: Maji yametoka namna gani leo? Mifuko imebaki mingapi? Umekula nini? Nani alikusaidia wiki hii? Majibu ya maswali hayo yataonyesha mapema kama mtu anaanza kuacha. Mhudumu wa afya wa kijiji chenu aambiwe.

DALILI ZA KUTONGOJA KESHO

Kila mtu wa nyumba, hata mtoto mkubwa, ajue hizi: maji yenye ukungu au damu, tumbo kuuma, homa, usaha au wekundu pale mpira unapotokea, miguu kuvimba au uzito kupanda ghafla kwa siku chache, pumzi kuwa fupi akilala. Ncha ya mpira ikifunguka au mpira ukitoboka, ufungwe kwa klipu upande wa tumboni na mgonjwa aende hospitali bila kuweka maji mengine. Namba ya simu ya kituo iandikwe ukutani kwa herufi kubwa. Na nauli ya dharura iwe kwa mtu mmoja anayejulikana na kila mtu, ili usiku usipite mkitafuta.

MTU AKISEMA, IMETOSHA

Kuna wakati mgonjwa mzee, au mwenye magonjwa mengine mazito, husema hataki tena. Tusimpigie kelele. Kwanza tujue anasema nini. Huenda anasema, nimechoka kuwa mzigo, na hapo msaada unaweza kumbadilisha. Huenda ana huzuni kubwa inayotibika. Huenda anasema maumivu yamezidi, na daktari ana dawa ya hayo. Lakini ikiwa amefikiri, amezungumza na daktari na watu wake, na bado anaona matibabu hayamsaidii tena, basi ana haki ya kusikilizwa. Hata hapo asiachwe. Kuna matunzo ya kupunguza maumivu, kichefuchefu na kukosa pumzi, na hospitali nyingi pamoja na nyumba za matunzo ya wagonjwa mahututi huyatoa.

Tofauti ni kubwa kati ya mtu aliyeamua na mtu aliyeanguka chini ya mzigo huku majirani wakipita njiani. Tutaijua tofauti hiyo tukiwa tumeingia nyumbani kwake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, ni nani yuko kwenye matibabu yasiyokwisha, iwe figo, sukari au presha? Tulimtembelea lini mara ya mwisho?

2. Nani anamsaidia kila siku? Mtu huyo naye anasaidiwa na nani?

3. Kati ya sababu nne tulizosoma, ni ipi iliyo karibu zaidi na nyumba hiyo?

4. Kikundi kinaweza kutoa nini kila mwezi kwa mwaka mzima bila kukosa, hata kama ni kidogo?

5. Ni lini mara ya mwisho kila mmoja wetu alipimwa presha na sukari? Tupange siku moja mwezi huu twende zahanati pamoja.